Dawa ya ini sawa, lakini ini linaumwa nini?

Muhula uliopita mshikaji wangu wa chumba aliamka macho yakiwa ya njano. Kabla hajapiga mswaki, korido nzima ilishageuka madaktari. Mmoja majani ya mpapai, mwingine manjano na asali, wa tatu akaja na chupa ya mizizi kutoka sokoni: "Hii inasafisha ini." Jamaa akanywa. Baada ya wiki tatu macho yakawa meupe, chupa ikapewa sifa zote.

Sifa hizo nazipinga. Homa ya ini aina A kwa kawaida huisha yenyewe. Aina B nayo, watu wazima wengi wakiambukizwa, kinga ya mwili huishinda. Ukinywa mizizi utapona, ukinywa chai ya rangi utapona vilevile. Ndiyo maana watafiti hulinganisha waliokunywa na wasiokunywa.

Sisemi mitishamba ni uongo. Dawa ya mseto tunayomeza tukiwa na malaria ina artemisinini, iliyotoka kwenye mmea. Lakini ilipimwa: ugonjwa unajulikana, dozi inajulikana. Chupa ya korido haina hata kimoja.

Na "ini" si ugonjwa mmoja. Mwaka 2016, hapa hapa kanda ya kati, watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto walianza kutapika, kuvimba tumbo na kuwa na macho ya njano. Waliougua walikuwa 68, wakafa 20. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi. Sasa fikiria mgonjwa anakunywa mizizi asubuhi, halafu jioni anasonga ugali wa unga uleule. Ataponaje?

Mshikaji wangu hajapima mpaka leo. Anasema amepona, apime nini tena? Mimi naona hapo ndipo hatari ilipo. Virusi vya aina B vinaweza kukaa kimya miaka mingi, na mwenye navyo akila sumukuvu, uwezekano wa saratani ya ini unapanda sana.

Kwa hiyo wanangu, macho yakiwa njano, pima kwanza. Ulichokunywa mwambie daktari bila aibu, maana mitishamba mingine yenyewe huumiza ini. Ukikutwa huna B, omba chanjo. Korido ina upendo mwingi, ila haina maabara.