Cherehani ya upepo: mtungi utamla fundi

Mafundi wa ngozi wanaonunua cherehani za upepo huvutiwa na mtungi wa gesi: hauna kelele wala hautegemei umeme. Tupige hesabu. Mtungi wa naitrojeni wa lita 50, uliojazwa kwa presha ya baa 200, hutoa takriban lita 10,000 za gesi. Cherehani inayovuta lita 100 kwa dakika itaumaliza kwa saa moja na dakika 40. Gesi ya kwenye soda hudumu zaidi, ila ikivutwa kwa kasi regulata huganda barafu. Zote mbili hufukuza hewa katika chumba kisicho na madirisha.

Oksijeni ya jirani mchomea vyuma isiguswe kabisa. Ikikutana na oili ndani ya mashine inaweza kuwaka na kulipuka.

Kwa maoni yetu, fedha ziende kwenye kompresa yenye tangi na kichujio cha maji, maana unyevu hutia kutu na kuchafua ngozi. Soma kwanza kibao cha cherehani. Kompresa itoe upepo zaidi ya ulioandikwa pale. Muuzaji anayetaja nguvu za farasi tu, bila lita kwa dakika, mpite.