Mama wa Nyumbani? Bibi Yangu na Udongo Alioubeba Kichwani

Siku tulipomzika Bibi, mjukuu aliyepewa jukumu la kusoma wasifu wa marehemu alisimama mbele ya waombolezaji, akafungua karatasi yake, akatueleza kwamba marehemu alizaliwa mwaka 1931, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto tisa, na kwamba katika maisha yake yote alikuwa mama wa nyumbani. Baada ya hapo alisoma majina ya watoto, wajukuu, vitukuu na wakwe, na orodha hiyo ilichukua muda mrefu kuliko maisha yenyewe. Hakuna aliyeguna. Mimi pia sikuguna, ijapokuwa mshahara wangu unatokana na kuwafundisha vijana kuguna.

Nimekaa na maneno hayo mwezi mzima. Sina ugomvi na mjukuu yule. Aliandika kama wasifu wa wanawake wa umri ule unavyoandikwa kila wiki. Babu, aliyefariki mwaka 1989, katika wasifu wake aliitwa "mkulima mashuhuri wa kahawa". Ukweli ni kwamba Babu alikuwa na kadi ya chama cha msingi. Kahawa aliyekuwa nayo ni Bibi.

Msomaji asiyeijua Kagera anahitaji kuelezwa kibanja ni nini, maana si shamba tu. Ni nyumba, migomba, mibuni, maharage na magimbi chini ya migomba, makaburi ya waliotangulia, na njia nyembamba ya kwenda kwa jirani, vyote chini ya kivuli kimoja. Nje ya vibanja kuna rweya, nyanda za nyasi zenye udongo mwembamba na chachu, ambako wanawake waliruhusiwa kulima vipande vya msimu: njugu mawe, mihogo, kidogo cha hiki na cha kile. Mgeni akitoka rweya na kuingia kibanjani hudhani amevuka mpaka wa kijiolojia. Hapana. Udongo ule mweusi wa kibanja umetengenezwa. Kwa vizazi na vizazi nyasi zilikatwa rweya, zikabebwa, zikatandazwa chini ya migomba zikaoza. Samadi ilizolewa zizini ikafuata njia hiyo hiyo. Wataalamu wa udongo wanalieleza jambo hili kama uhamishaji wa rutuba kutoka nyanda za nyasi kwenda vibanjani. Utotoni mwangu uhamishaji huo ulikuwa na shingo, na shingo hiyo ilikuwa ya Bibi. Alitoka na mundu kabla jua halijachomoza, akarudi akiwa ndani ya mzigo wa nyasi kiasi kwamba kutoka mbali uliona kichaka kinatembea.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndiyo hoja yangu yote. Tunapozungumza juu ya "ardhi ya ukoo" tunasema kana kwamba mababu waliikuta ikiwa tayari, wakaikunja, wakairithisha. Ardhi ile haikuwepo hivyo. Iliundwa, mzigo kwa mzigo, na watu ambao kwa kawaida ya ukoo walihesabiwa kuwa wageni waliooa kwetu, au tuseme walioolewa kwetu, na ambao siku mume anapofariki huambiwa waishi kwa hisani ya watoto wao.

Bibi alitoka katika familia ya wapangaji wa nyarubanja, waliomlipa mwenye ardhi kwa mazao na kwa kazi. Mfumo huo ulipokomeshwa miaka ya 1960, alikuwa tayari ameolewa kwetu na ana watoto, na hadi uzeeni alipenda kusema kwamba wanaume wa kwao waliachiliwa huru mwaka ambao yeye hakuambiwa lolote. Elimu ya Watu Wazima ilipopamba moto baada ya mwaka 1970, alikwenda kisomo jioni, mtoto mgongoni, akajifunza kusoma na hasa kuandika tarakimu. Matunda ya kisomo hicho ni daftari moja la shule, lenye jalada lililofifia, ambamo kila msimu aliandika kilo za kahawa ya maganda zilizoanikwa, zilizopelekwa chamani, na fedha zilizorudi. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, daftari halikuvunjwa. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuikalia ardhi yetu hadi mto Kagera, ukurasa wa msimu ule una mstari mmoja tu: wageni kumi na wanne, ndizi zimekwisha. Walikuwa wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto. Mama wa nyumbani huyo aliwalisha kwa majuma kadhaa.

Nifike sasa mahali ambapo mimi mwenyewe naingia, na siingii vizuri.

Babu alipofariki nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, niko likizo. Baada ya kuanua tanga kiliitishwa kikao cha ukoo. Kwa kuwa nilikuwa msomi wa familia, na nina mwandiko unaosomeka, nilipewa kalamu. Wazee walizungumza, nikaandika. Niliandika kwamba kibanja kinakwenda kwa baba mkubwa, mrithi mkuu, ambaye kwetu huitwa msika. Kwamba vipande vingine vinakwenda kwa wadogo zake wa kiume, akiwemo baba yangu. Na kwamba "mjane atatunzwa na watoto wake". Bibi alikuwa jikoni akipika chakula cha kikao. Hakuna aliyemwita, nami sikumwita. Muhtasari ule ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, kama ilivyo desturi hadi leo, na ukawa ndio msingi wa mirathi. Nilisifiwa kwa mwandiko.

Maneno yale hayakuwa ya wazee wetu peke yao. Yalikuwa ya dola. Amri ya Tamko la Sheria za Kimila ya mwaka 1963 ilikwisha kuyaweka kwa maandishi: mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Binti naye angeweza kutumia ardhi ya ukoo katika uhai wake, lakini asiiuze. Haikupita hata mwaka tangu kikao chetu, Februari 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza ilipotoa hukumu katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mwanamke wa Kihaya alikuwa ameachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia, akaiuza, na jamaa wa ukoo akadai kwamba mauzo yale ni batili kwa sababu muuzaji ni mwanamke. Jaji Mwalusanya aliiweka kanuni ile mbele ya Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi hiyo. Nimeifundisha hukumu hiyo kwa miaka mingi. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba nilipoisoma mara ya kwanza nilikunja gazeti.

Tangu hapo sheria imeongezeka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Lakini wajane wawili wa Shinyanga walipozipeleka zile kanuni za mirathi za 1963 mahakamani, Mahakama Kuu ilikiri mwaka 2006 kwamba ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikagonga mwamba mwaka 2010 kwa sababu za kiufundi. Ikabidi waende hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema serikali yetu imekiuka haki zao. Katika sheria ya ardhi mwanamke ni mmiliki. Katika kanuni ya mirathi ni mtu wa kutunzwa. Mtumishi wa umma anayeketi katikati ya hizo mbili, awe hakimu au mtendaji wa kijiji, huchagua. Mara nyingi huchagua ile inayomletea kelele kidogo.

Na je, Bibi alitunzwa? Baba mkubwa alihamia mjini. Baba yangu alifariki mwaka 1992, na ndugu zake wawili wakafuata, katika miaka ile ambayo Kagera, mahali wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walipotambuliwa mwaka 1983, ilikuwa ikizika kila juma. Wajukuu kumi na mmoja walirudi kwa mjane anayetakiwa kutunzwa. Aliwasomesha kwa kahawa. Alikataa butura, ile kuuza kahawa ingali maua kwa bei ya mwenye shida, ambayo Babu hakuikataa kila mara; daftari linaonyesha misimu miwili ya Babu ambapo kilo zimeandikwa na mbele yake pameachwa wazi. Mnyauko wa bakteria ulipofika, yeye mwenyewe aling'oa migomba aliyoipanda akiwa bi harusi, akaifukia, akaanza upya akiwa amepita miaka sabini na mitano. Tetemeko la Septemba 2016 lilipopasua ukuta wa nyumba, alilala nje siku tatu, kisha akaingia kupika.

Baba mkubwa aliwahi kurudi, na mnunuzi. Kipande cha kando ya barabara kilikuwa kimepanda bei. Bibi alikwenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lile ambalo kwa sheria lina wajumbe saba na angalau watatu ni wanawake, akaketi mbele yao na daftari mapajani. Hakutaja Katiba. Alisoma kilo. Mauzo hayakufanyika.

Wapo watakaosema, na ni watu ninaowaheshimu, kwamba ukoo unalinda ardhi isipotelee kwa wakwe, na kwamba bila kanuni hii vibanja vingekwisha. Hofu hiyo naielewa. Kibanja chenye makaburi si bidhaa ya sokoni. Ila katika ukoo wetu nimehesabu vipande vilivyotoka mikononi mwetu tangu uhuru. Ni vitano. Vyote viliuzwa na wanaume, na viwili kati ya hivyo viliuzwa ili kulipa madeni ambayo sitayataja hapa kwa kuwa wajukuu zao husoma safu hii.

Shangazi yangu, kitinda mimba wa Bibi, alirudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, na amelima naye kibanja kile kwa miaka ishirini na miwili. Juma lililopita nilipokea ujumbe kwamba kikao cha ukoo kitakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ajenda ni moja, na shangazi "ataelezwa utaratibu". Nimeombwa kuandika muhtasari.

Nitakwenda. Nimewajibu wazee, kwa adabu wanayostahili, kwamba kalamu nitaishika kwa sharti kwamba shangazi aketi kikaoni kama mjumbe, chakula kipikwe na vijana, na kila neno lake liandikwe kama lilivyosemwa. Wakikataa, sitaandika wala sitatia sahihi, na nitakwenda naye Mahakama ya Mwanzo kuweka pingamizi. Hawajajibu. Shangazi naye nimempigia. Alinisikiliza kimya, akauliza kama ni kweli mahakamani wanapokea daftari lililoliwa na mchwa pembeni, kisha akasema ana haraka, nyasi ziko nje na mvua inakuja.