Kreacher na sandwichi ya Harry Potter

UE zimeisha, watu wameanza kufunga mabegi, na mimi badala ya kulala nimerudia vitabu vyote saba vya Harry Potter. Vya kuazima, tena cha tano hakina hata jalada. Kila nikikaa na watu waliovisoma ubishi ni uleule: Snape alikuwa mtu mwema au mbaya? Ron alimstahili Hermione? Snape mimi nimemchoka jamani. Leo nataka tumzungumzie Kreacher, na kama umeshaanza kujiuliza "huyo nani tena?", basi tuko pamoja, maana hapo ndipo hoja yangu inapoanzia.

Kwa ambao hawajasoma: kuna viumbe wadogo wenye masikio kama ya popo, kwa Kiingereza house-elves. Nitawaita elfi, msichanganye na elfu ya pesa, kwa sababu pesa wengi wao hawajawahi kuishika. Wanapika, wanafua, wanafagia nyumba za wachawi wenye uwezo bila mshahara, wanavaa foronya au kitambaa cha jikoni, na wakikosea wanajiadhibu wenyewe. Elfi hawezi kuondoka mpaka bwana wake ampe nguo. (Kwao nguo ni uhuru. Kwa madam wengine wa mjini, blauzi iliyochakaa inahesabiwa kuwa nyongeza ya mshahara wa dada wa kazi. Haya, tuendelee.)

Wengi wanamkumbuka Dobby. Dobby ni rahisi kumpenda: anaingia kitabu cha pili (1998), ana heshima, anamwona Harry kama malaika, anavaa soksi zisizofanana, na kwenye kitabu cha saba (2007) anakufa akiwaokoa Harry na wenzake. Harry anamchimbia kaburi kwa sepetu, bila uchawi. Nililia, siwafichi. Lakini Dobby tunampenda kwa kuwa anampenda yule tunayempenda sisi. Kreacher hana habari na wewe. Ni mzee, mchafu, anawatukana wageni kwa sauti ya chini huku akijifanya hawamsikii, na bado anamtukuza marehemu mama mwenye nyumba ambaye picha yake ukutani ikiamshwa inapiga kelele mpaka masikio yazibe. Ukikutana naye kwenye kitabu cha tano (2003) unatamani afukuzwe hata leo.

Bwana wake ni Sirius Black, kipenzi cha wasomaji. Sasa angalieni. Kwenye kitabu cha nne (2000) ni Sirius huyohuyo anayewaambia vijana kwamba ukitaka kumjua mtu, tazama anavyowatendea walio chini yake. Alikuwa anamsema mzee Crouch, aliyemfukuza elfi wake Winky. Sawa kabisa kaka Sirius! Halafu anarudi kwao, kwenye nyumba aliyoichukia tangu utotoni, na pale jikoni yuko Kreacher wa kumkumbusha kila alichokimbia. Anamfokea, au anampita kama anavyopita kiti. Siku moja akamwambia toka, na Kreacher akalichukua neno lile kama amri. Akatoka kweli. Akaenda kwa ndugu wa ukoo ule walio upande wa Voldemort, na mambo yaliyofuata yakaishia kwenye kifo cha Sirius. Baadaye Dumbledore anamweleza Harry kuwa Sirius hakuwa akimchukia Kreacher, ila hakumhesabu kama kiumbe mwenye moyo wake. Harry anapandisha hasira, na wasomaji wengi nao.

Ndipo kwenye kitabu cha saba Kreacher anaulizwa, kwa mara ya kwanza, nini kilimpata. Duh! Miaka mingi nyuma Voldemort alimwazima kama mtu anavyoazima ndoo. Akampeleka kwenye pango la baharini, akamnywesha sumu ili ajue kama mtego wake unafanya kazi, akamwacha afe. Kreacher alirudi kwa sababu bwana wake wa wakati ule, Regulus, mdogo wake Sirius, alikuwa amemwagiza arudi, na elfi wana uchawi wao wa kupita pasipopitika. Voldemort hakujua. Nani anachunguza uwezo wa mtumishi? Regulus akarudi pangoni na Kreacher, safari hii akainywa ile sumu yeye mwenyewe, akafia humo, akamwachia Kreacher kidani cha kukiharibu na amri ya kutomwambia mtu yeyote wa familia. Kidani hakikuharibika. Mama wa nyumba akafa bila kujua mwanawe alipoishia, na aliyekuwa akijua ndiye aliyekuwa akimpelekea chai.

Sirius aliishi na mzee huyu nyumba moja na hakuwahi kumuuliza habari za mdogo wake. Najua, najua, alikatazwa kusema. Mimi nazungumzia kuulizwa tu.

Anayejaribu kuuliza ni Hermione, na anachekwa. Anaanzisha chama cha kuwatetea elfi, anauza beji, Ron anamkebehi, hata Hagrid anakataa kujiunga. Hoja ya kila mtu ni moja: wanapenda kazi yao. Na mwandishi, J.K. Rowling, kwa kweli anacheka pamoja nao, maana elfi wa jikoni Hogwarts wanachukizwa mtu akiwatajia uhuru. Mwenzangu wa chumbani anasema hapo Hermione alistahili kuchekwa: alificha kofia za kufuma chini ya takataka ili wanaofanya usafi waziokote na kuwa huru bila kutaka. Nakubali, kumkomboa mtu kwa kumvizia ni dharau nyingine. Lakini hilo la "wanapenda" silinunui. Tazama Dobby alipoajiriwa Hogwarts: Dumbledore alimpa galioni kumi kwa wiki na mapumziko ya wikiendi, yeye akashusha mpaka galioni moja kwa wiki na siku moja kwa mwezi. Inachekesha, ila ndivyo anavyopatana mtu aliyelelewa akiambiwa hastahili. Na sisi tuna toleo letu, "tunaishi naye kama ndugu". Ndugu huyo anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, wageni wakija hakai mezani, na anaitwa dada na baba, mama na watoto mpaka jina lake linasahaulika.

Sasa hiyo sandwichi. Vita vya mwisho Kreacher anatoka jikoni akiwaongoza elfi wa Hogwarts, visu mkononi, anapigana akilitaja jina la Regulus. Voldemort anakufa. Harry amechoka, anawaza kitanda chake, na anajiuliza kama Kreacher atamletea sandwichi huko. Basi! Hajaachiwa huru, hajaulizwa kama anataka. Mwenzangu anasema kumpa nguo kungekuwa tusi kwake. Inawezekana, lakini kwa nini tukisie wakati yupo na anaongea? Halafu tunaruka miaka 19, tunaambiwa nani alimwoa nani na watoto wanaitwaje, elfi hata sentensi moja hawana.

Msidhani ni Rowling peke yake. Philip Pullman, kwenye Northern Lights (1995), ana ulimwengu ambamo nafsi ya mtu inatembea nje yake kwa umbo la mnyama, na nafsi za watumishi karibu zote ni mbwa. Yaani mtu kubeba sahani tu, nafsi nzima inakuwa mbwa! Kwenye Children of Blood and Bone (2018) ya Tomi Adeyemi, kitabu ninachokipenda sana, Binta ni mtumishi wa binti mfalme Amari. Mfalme anamuua mapema kabisa, na kifo hicho ndicho kinachomtoa Amari ikulu na kumfanya shujaa. Amari anamlilia kwa dhati, siwezi kumlaumu. Ila Binta mwenyewe alitaka nini maishani? Tunachokijua kimepitia kichwani mwa Amari.

Kuna jioni moja kwenye kitabu cha saba. Harry amempa Kreacher kidani kilichokuwa cha Regulus, na yule mzee amebadilika, masufuria yanang'aa, anawapikia. Siku hiyo Harry, Ron na Hermione wanakwenda wizarani, mambo yanaharibika, nyumba inajulikana kwa maadui na hawawezi kurudi tena. Harry anaikumbuka kwa uchungu pai ya nyama na figo ambayo hawataila. Kitabu kinawafuata wao porini kwenye hema. Mimi nilitaka kubaki kule jikoni, nione Kreacher alikaa mpaka saa ngapi akiwasubiri, na ile pai aliifanyaje.