Chanjo Iliyotolewa Si Chanjo Iliyoingia Mwilini

Bila shaka umewahi kumwona mtu mzima mwenye meno ya rangi ya manjano au kahawia, ilhali havuti sigara. Usimcheke. Huenda alilelewa kwa maji yenye floraidi nyingi, kama yalivyo katika sehemu kadhaa za Bonde la Ufa. Au huenda alipokuwa mtoto alipewa dawa iitwayo tetrasaiklini. Dawa hii hushikamana na madini ya kalsiamu katika meno na mifupa inayokua, na ikishaingia humo haitoki. Ndiyo maana sisi madaktari huepuka kuwapa akina mama waja wazito na watoto walio chini ya miaka 8.

Dosari hiyo ya dawa imewafaa sana wanaopambana na kichaa cha mbwa barani Ulaya. Huko ugonjwa huo ulikuwa ukienezwa na mbweha, na mbweha hawezi kushikwa akadungwa sindano. Mwaka 1978, Uswisi ilianza kutawanya vichwa vya kuku vilivyotiwa chanjo katika bonde la mto Rhône ili mbweha wale. Baadaye viwanda vilitengeneza chambo maalum, na nchi nyingine zikaiga.

Lakini chambo kikitoweka, nani amekila? Huenda ni nguruwe mwitu, paka au kunguru. Kwa hiyo chambo hicho kilitiwa tetrasaiklini kama alama. Mbweha walipowindwa, wataalamu walikata kipande chembamba cha jino au mfupa wa taya na kukitazama kwa hadubini chini ya miale ya urujuanimno. Mstari wa manjano uking'aa, mbweha huyo alikula. Ipo pia rangi iitwayo rodamini B, ambayo huacha alama katika manyoya na masharubu, hata mnyama asiuawe.

Tena hawakukomea hapo. Kula chambo si sawa na kupata kinga, hivyo walipima pia damu. Uswisi ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 1999, Ufaransa 2001 na Ujerumani 2008.

Utaniuliza, mbweha wa Ulaya wanatuhusu nini? Hapa Kenya anayetuletea maradhi haya hasa ni mbwa wa nyumbani, na huyo twaweza kumshika kwa mkono. Hatuhitaji kemikali katika meno yake. Tunachohitaji ni ule moyo wa kutoridhika na hesabu ya kilichotolewa.

Mara nyingi kampeni ya chanjo ikiisha, tunaambiwa ni dozi ngapi zilizotumika, nasi tunapiga makofi. Hesabu hiyo hainitoshi. Shirika la Afya Duniani lasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Lakini 70 katika 100 gani, ikiwa hatujui kijiji kina mbwa wangapi? Kila mbwa aliyechanjwa apakwe rangi au afungwe ukanda shingoni, kisha siku inayofuata watu wapite vijijini na masokoni wakihesabu walio na alama na wasio nayo. Pakipungua, warudi. Gharama yake ni ndogo, na ukweli wake ni mkubwa.

Nasema hivi kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Inakadiriwa huua watu 59,000 duniani kila mwaka, na takriban 4 katika kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivi ifikapo 2030. Lengo halitimizwi kwa takwimu za dozi zilizotoka ghalani.

Nawe msomaji, timiza wajibu wako. Mpeleke mbwa wako achanjwe kila mwaka na udai cheti. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Na ukianza sindano, zimalize zote.