Akiba ya Chuma Mwilini: Tusisome Namba Peke Yake

Baadhi yenu mnarudi kutoka hospitali kubwa na karatasi iliyoandikwa feritini, mnatuuliza maana yake. Mmezoea kipimo cha wekundu wa damu, ambacho huonyesha hali ya damu ya leo. Feritini huonyesha akiba ya madini ya chuma. Akiba hupungua kabla wekundu haujashuka, kwa hiyo mama aweza kuambiwa damu yake inatosha, kumbe ghala limekwisha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema akiba ni pungufu ikiwa chini ya mikrogramu 12 kwa lita kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, na chini ya 15 kwa wakubwa. Lakini malaria na maambukizo mengine huipandisha feritini, na asiye na akiba akaonekana anayo. Kwa mwenye maambukizo hutumika 30 kwa mtoto huyo na 70 kwa mkubwa. Huku kwetu Bukoba na Muleba malaria ipo. Kama ulikuwa na homa siku ya kupimwa, mwambie daktari hata asipokuuliza.

Ninalolipinga ni kumnunulia mtoto dawa ya kuongeza damu dukani kwa sababu tu amepauka. Huenda ana malaria au selimundu, na hapo chuma si jibu. Kule Pemba watoto wadogo walipewa chuma na foliki kila siku katika utafiti mkubwa. Mwaka 2003 utoaji huo ulisimamishwa, maana waliopewa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao. Hata hivyo, katika kundi lililopimwa damu, wale waliopungukiwa chuma kweli walifaidika. Basi mtoto apimwe na kutibiwa malaria kwanza, ndipo mtaalamu aamue juu ya chuma.

Akina mama wajawazito, hayo yasiwafanye mtupe vidonge vya kliniki. Ninyi mnavihitaji, na choo kuwa cheusi si ugonjwa. Mvimeze mbali na chai na kahawa, kwani vinywaji hivyo huzuia chuma kuingia mwilini, chungwa husaidia. Kumwambia Mhaya aache kahawa ni kazi bure, wala sijaribu. Naomba tu isubiri saa moja baada ya chakula.