Nyumba ya Mkopo kwa Mshahara Mmoja

Baba mmoja wa jamaa, mkaaji wa Lubumbashi, alitujia siku hizi na karatasi mkononi. Yeye ni karani. Mkewe hutunza nyumba na watoto wanne. Kwa miaka tisa wamekuwa wapangaji, na mara tatu wamehamishwa. Sasa benki iko tayari kumkopesha dola 10,000 anunue nyumba ndogo, na nyumba yenyewe iwe rehani. Akatuuliza: «Nitie sahihi, ama niache?»

Hatukumjibu upesi. Tulimwomba kwanza amwite mkewe, kwa maana anayejua bei ya unga sokoni ndiye ajuaye kama deni litalipika. Tukaketi watatu, tukahesabu. Labda hesabu yao itawafaa na wengine kati yenu.

Tulianza na hesabu ya benki. Mshahara wa baba huyu ni sawa na dola 490 kwa mwezi. Mabenki mengi hupenda malipo ya deni yasipite theluthi ya mshahara, nayo ni dola 163. Mkopo wake, kwa riba ya 15 kwa mia kila mwaka, ukilipwa kwa miaka 10, wadai dola 161 kila mwezi. Basi benki imeona ya kuwa inafaa.

Ndipo mama akatupa hesabu ya jikoni. Chakula, dola 200. Masomo ya watoto, 50. Makala, maji na umeme, 40. Safari za kazini, 30. Dawa, 25. Misiba, wageni na wazee wa kijijini, 35. Jumla ni dola 380, wala hatujahesabu kodi ya nyumba, ambayo ni 60. Kodi ikikoma, zitabaki dola 110 tu. Lakini deni lataka 161! Kila mwezi zingepungua dola 51. Benki imetazama mshahara, haikutazama sufuria.

«Basi niombe miaka 20,» akasema baba. Tulihesabu tena. Malipo yangeshuka hadi dola 132 kwa mwezi, nayo bado yanazidi 110. Tena tazameni bei yake: kwa miaka 10 angerudisha kama dola 19,360, kwa miaka 20, zaidi ya dola 31,600, naye amekopa 10,000 tu. Sababu yake ni hii: riba hulipwa kwanza. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, ya dola 161, riba huchukua 125, na deni lapungua kwa 36 tu. Baada ya mwaka mzima wa kulipa kwa uaminifu, bado angedaiwa zaidi ya dola 9,500. Wazee hawakukosea waliposema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Kuna hatari nyingine, ambayo wengi huisahau. Baba huyu hulipwa kwa faranga, lakini deni lake ni la dola. Mwishoni mwa mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu faranga 930. Mwishoni mwa 2017 ilifika karibu 1,600. Aliyedaiwa dola 161 kwa mwezi alitafuta kama faranga 150,000 hapo kwanza. Miaka miwili baadaye alitafuta zaidi ya 257,000. Je, mshahara wake ulipanda hivyo? Kila mmoja wenu ajijibu.

Tena mshahara mmoja ni kama nyumba yenye nguzo moja. Baba akiugua, kazi ikisimama, ao mshahara ukichelewa miezi miwili, ni nani atakayelipa? Kwa hiyo ulizeni kabla ya kutia sahihi: je, pana bima itakayolipa deni kama mwenye mshahara akifa? Kama haipo, mjane atabaki na watoto na deni, na nyumba itauzwa.

Msisahau hati. Kwa sheria ya Kongo ya mwaka 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa kwa sertifika ya uandikisho. Karatasi ya mtaa peke yake haitoshi. Nendeni wenyewe ofisini kwa mwandikishaji, mkaone jina la muuzaji katika kitabu, na kama kiwanja hakijawekwa rehani kwa mwingine.

Basi jamaa hii ifanyeje? Tuliwapa jaribio moja, nalo halina gharama. Chukueni malipo ya mkopo, toeni kodi mnayolipa sasa. Tofauti yake wekeni akiba kila mwezi kwa miezi sita, bila kuigusa. Kwa mkopo wa dola 10,000 tofauti hiyo ni 101. Mama alicheka kwa huzuni: «Hata hamsini hutushinda miezi mingine.» Jibu lilikuwa limekwisha kutoka kinywani mwake.

Lakini mkopo wa dola 5,000, kwa riba ile na miaka 10, wadai kama dola 81 kwa mwezi. Tofauti ni 21 tu, na dola 29 hubaki kwa bati linalovuja na homa ya mtoto. Kwa fedha hiyo, pamoja na akiba watakayoiweka kwanza, watatafuta kiwanja chenye hati na vyumba viwili vya kuanzia. Vingine vitafuata polepole, kama ndugu zetu wengi walivyojenga.

Baba alikunja karatasi yake, hakutia sahihi. Aliondoka bila furaha, wala hatumlaumu, kwa kuwa miaka tisa ya kupanga ni mingi. Lakini tulimwona mkewe mlangoni akimwomba kalamu: alitaka kuandika dola 21 za mwezi wa kwanza.