Kitambaa chekundu cha mwaka 1993

MTOTO wa miaka tisa alivua jezi yake nyekundu, akaitupa chini ya kochi, akaenda chumbani kulia. Ilikuwa jioni ya Jumapili, Mei 25, 2025, katika nyumba moja ya Mkange, Halmashauri ya Chalinze. Simba ilikuwa imetoka sare ya bao 1-1 na RS Berkane ya Morocco kwenye Uwanja wa New Amaan, Zanzibar. Kwa kuwa kule Morocco ilishafungwa 2-0, Kombe la Shirikisho la Afrika lilikuwa limekwenda.

Mjomba wa mtoto, Yanga wa kutupwa, hakungoja.

"Si mlisema kombe lenu? Leteni basi na sisi tulishike!"

Bibi alikuwa ametulia kwenye mkeka. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mwaka juzi wale wa Algeria walipobeba kombe lao mkabaki mnahesabu mabao ya ugenini, humu ndani nani alikucheka?"

Mjomba akanyamaza. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali hiyo hiyo, ikalikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini baada ya matokeo ya jumla kuwa 2-2. Usiku ule hakula.

Bibi akainuka, akafungua sanduku lake, akatoka na kitambaa kilichopauka hadi kukaribia rangi ya udongo. Akamfuata mjukuu chumbani.

"Bibi, hiki nini?"

"Hiki nilikifunga kichwani siku Stella walipotufunga. Nami nililia kama wewe."

Watu wa umri wake hawahitaji kuelezwa zaidi. Jumamosi ya Novemba 27, 1993, Simba iliikaribisha Stella Abidjan ya Ivory Coast katika fainali ya pili ya Kombe la CAF, kwenye Uwanja wa Taifa, huu ambao sasa unaitwa Uhuru. Mchezo wa kwanza Abidjan uliisha 0-0. Ushindi wowote nyumbani ungetosha. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwepo uwanjani. Simba ilifungwa 2-0.

Majina ya wachezaji wa kikosi kile bado yanatajwa vijiweni. Wanaotajwa kwa nadra ni washangiliaji waliojaa mzunguko siku ile, wakiwemo kina mama waliotoka mbali na Dar es Salaam.

Bibi wa Mkange alikuwa mmoja wao, akiwa kijana wa miaka thelathini hivi. Kazi yake ilikuwa kuanzisha nyimbo. Hakuifunza popote isipokuwa kwenye ngoma za harusi na za kuwatoa wali. Mmoja anatupa mstari, wenzake wanaupokea, ngoma inajibu, vigelegele vinafunga. Kilichobadilika kilikuwa jina tu. Palipokuwa na jina la bibi harusi, wao walitia la mfungaji. Nguo nyekundu walishona wenyewe, nauli walichangishana, na chakula cha njiani kilipikwa usiku wa kuamkia safari. Wa upande wa Yanga nao walikuwa na utaratibu wa namna hiyo hiyo, kwa kijani na njano.

Kwa mwanamke aliyeolewa haikuwa rahisi. Mpira ulihesabiwa kuwa mambo ya wanaume, na mke aliyeonekana mzunguko akiruka na kupiga kelele alisemwa kisimani kwa wiki nzima. Mume wake, marehemu sasa, alikuwa Yanga. Alipoombwa ruhusa alikataa.

"Mke wangu, utakwenda kukata kiuno mbele ya watu kwa ajili ya timu?"

Aliyeokoa safari ni wifi, dada mkubwa wa mume, ambaye naye alikuwa Simba.

"Kaka, nitakwenda naye mimi na nitamrudisha mimi. Una neno jingine?"

Hakuwa nalo. Ijumaa alfajiri wanawake hao walipanda lori lililokuwa likienda Mandera kupitia Miono, kisha basi la barabara kuu, wakavuka Mto Wami, wakapita Chalinze, wakalala Magomeni kwa ndugu.

Mume alibaki na redio. Mwaka 1993 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka uliofuata. Aliyekuwa kijijini aliuona mpira kwa masikio, kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam. Hapo ndipo kazi ya washangiliaji ilipokuwa kubwa kuliko walivyojua wenyewe. Mtangazaji alikuwa na maneno, lakini kelele za mzunguko ndizo zilizomwambia msikilizaji kwamba hatari inakuja, kabla hata mtangazaji hajamaliza jina la mchezaji. Ukelele ukipanda, watu wa Mkange waliinuka kwenye viti. Ukishuka, walikaa.

Siku ile kelele zilishuka bao la kwanza lilipoingia. La pili lilipoingia, redio ilibaki na sauti ya mtangazaji peke yake.

Mume alisimulia baadaye kwamba Wanayanga wenzake walicheka pale barazani, naye alijaribu kucheka nao ikashindikana. Alikuwa anasikiliza ukimya, na katika ukimya ule alijua mke wake yumo.

Uwanjani, anavyokumbuka bibi, wengine walikaa chini wakashika vichwa. Wifi yake alimvuta mkono.

"Wifi, tumekuja kuimba. Mpira haujaisha."

Wakaanzisha. Sauti zilikuwa za kukwama, ngoma haikupata mpigaji, lakini wachache waliokuwa karibu walipokea. Waliimba hadi filimbi ya mwisho. Wachezaji walipotoka wakiwa wameinamisha vichwa, wao walikuwa bado wanaimba huku wanalia.

Jumapili jioni, lori lilipowashusha Mkange, mume alikuwa amekaa pembeni na baiskeli yake. Hakutaja mpira. Alichukua kikapu cha mke na cha dada yake, akavifunga nyuma, akaisukuma baiskeli hadi nyumbani. Maji ya kuoga yalikuwa yameshachemshwa. Tangu siku ile hakumzuia tena kwenda, wala mke hakuwahi kumwimbia mafumbo Yanga ilipofungwa.

Nchi inawakumbuka washangiliaji wachache kwa majina. Ally Yanga, aliyejipaka rangi mwilini na kujiwekea kitambi cha bandia, aliliwa na wengi alipofariki kwa ajali ya gari mkoani Dodoma, Juni 2017. Alistahili. Lakini wengi wa enzi zile, hasa wanawake, habari zao zimehifadhiwa kwenye masanduku kama lile la Mkange. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza, na wengine wanazeeka bila hata mjukuu kujua waliwahi kusimama mbele ya maelfu ya watu.

Siku hizi shangwe ina spika, wasanii na matamasha. Simba Day ipo tangu 2009, Siku ya Mwananchi tangu 2019. Ni mambo mazuri. Ila aliyezoea spika anaweza kudhani kushangilia ni kazi ya siku ya ushindi tu, na mtoto akajifunza kutupa jezi chini ya kochi. Kwa wale wa 1993, siku ya kufungwa ndiyo iliyoonyesha nani alikuja kushangilia na nani alikuja kutazama. Ndivyo ilivyo hata nyumbani, kwa mtoto aliyefeli mtihani au mume aliyepoteza kazi.

Mtoto aliusikiliza mkasa wote akiwa ameshika kile kitambaa.

"Bibi, kwa hiyo mlirudi tena uwanjani?"

"Mechi iliyofuata, baba. Wifi yangu ndiye aliyekuja kuniamsha."

Walipotoka sebuleni, jezi haikuwa chini ya kochi. Mjomba alikuwa ameshaiokota, akaikung'uta vumbi, akaitundika mlangoni.